Siku Mavyaa Alipokata Mkaja

Mimi na kitanda hatujawahi kupatana. Waulize wanaonijua Kaloleni ya Nairobi. King'ora cha karakana ya reli kikilia asubuhi kilinikuta nimeshakaanga mahamri, nimeshafagia mpaka kwa jirani, na nimeshagombana na muuza makaa aliyezoea kupanga mapande mazuri juu ya gunia na vumbi tupu chini. Mume wangu alikuwa karani kwenye stoo za reli, mtu mpole, mwenye maneno machache, na Mungu kwa hekima zake akamchagulia mimi. Aliwaambia wenzake kwamba siku nikinyamaza ndiyo siku ya kuita daktari. Alikuwa akitania, lakini ndivyo ilivyokuja kuwa.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, na nilikuwa nimechoka kutazamwa tumbo. Kila harusi kwenye holi letu, wanawake waliniangalia kwanza kiunoni, kisha usoni, kisha wakaniuliza habari za nyumbani kwa sauti ya kuhani msiba. Nilikuwa nikiwajibu vibaya, sikatai. Basi nilipojifungua binti, mzima, mwenye koo kubwa kama langu, nilitaka nitoke nimzungushe mtaa mzima siku hiyo hiyo, wale wa kiunoni wamwone vizuri.

Sikupata ruhusa. Mavyaa alikuwa ameshafika.

Mavyaa ndiye mama wa mume wangu. Alishuka kwenye garimoshi la Mombasa na sanduku la bati, chupa za mafuta ya simsim, pilipili manga ya uji wangu, na mkaja wake amejifunga mwilini chini ya buibui, asije akaibiwa njiani. Mkaja, kwa asiyejua, ni kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni, raundi juu ya raundi, kuanzia chini ya matiti mpaka kwenye nyonga, ili tumbo lirudi na kizazi kikae mahali pake. Huo wake ulikuwa wa marekani nzito, umefuliwa miaka mingi mpaka ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Ulimfunga mama yake, ukamfunga yeye kwa watoto wake wote, na sasa ulikuwa umekuja Nairobi kunifunga mimi.

Alinifunga, akakaza, akaweka goti lake ubavuni mwangu akakaza tena. Nikamwambia, "Mama, sipumui."

"Ungekuwa hupumui ungenyamaza," akasema.

Kwetu watu wa pwani mzazi hukaa ndani arobaini. Hilo nililijua na nililikubali. Lakini arobaini ya mavyaa haikuwa ya ndani tu, ilikuwa ya kitandani. Nyumba zetu za Kaloleni vyoo vilikuwa nje, vya kushirikiana, na hata huko alinikataza. Alileta ndoo. Nikitaka maji, anayaleta. Nikitaka kumchukua mtoto, analetwa. Siku moja niliteremsha mguu mmoja sakafuni nifikie kanga iliyoanguka, akaingia, akauona ule mguu, na uso ukamsawijika mpaka nikaurudisha mwenyewe bila kuambiwa.

Jioni ile, akinifunga mkaja upya, alinieleza sababu. Alikuwa na binti, kifunguamimba wake, dada mkubwa wa mume wangu. Binti huyo alijifungua salama huko Mombasa, akafungwa mkaja huu huu, akalala kama inavyotakiwa. Alikuwa mzima, ila akilalamika mguu. Asubuhi moja mavyaa alikwenda sokoni. Yule binti akaona mkaja unamkera, akaufungua, akasimama, akenda uani kuchota maji. Hakufika kwenye mtungi. Alishika kifua na kuanguka, na mavyaa aliporudi na kapu lake alikuta watu wamejaa uani.

"Aliufungua na akasimama," mavyaa akaniambia, na mikono yake haikuacha kukunja kitambaa. "Basi wewe huufungui na husimami. Nichukie ukitaka."

Sikumchukia. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumjibu, na mimi kushindwa kujibu si jambo dogo. Tangu hapo nikalala. Nililala kwa ajili yake, meno nimeyauma.

Aliyenichekesha siku zile ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke wa kutoka magharibi mwa Kenya, mumewe naye ni mtu wa reli. Yeye alikuwa amejifungua miezi michache kabla yangu, na mwisho wa wiki ileile nilimwona bombani na ndoo kichwani, akiimba nyimbo za kanisani. Alikuwa akija mlangoni, amebeba mtoto wake mgongoni, anachungulia.

"Bado unaatamia?" ananiuliza. "Yai si limeshatotolewa?"

"Ongea polepole," namwambia, "mwenye kuku yuko jikoni."

Mavyaa alikuwa akisikia kila kitu. Hakuwa na ubaya na jirani, ila alimwona kama mtu anayevuka barabara bila kutazama, ambaye siku yoyote atagongwa.

Wiki ya pili mguu wangu wa kushoto ulianza kuuma. Kwanza shavu la mguu, kama mtu aliyebanwa na misuli. Kisha ukavimba, ukajaa, ukang'aa, na ule wa kulia ukabaki kama kawaida yake. Nilipomwonyesha mavyaa alisema ni baridi, baridi ya Nairobi imeingia kwenye mifupa iliyofunguka. Na baridi dawa yake inajulikana. Alichemsha maji, akakamua kitambaa, akanikanda. Kisha akamimina mafuta ya simsim viganjani na kuanza kuusukuma mguu kutoka kwenye kifundo kwenda juu, kwa nguvu zake zote, na mavyaa alikuwa na nguvu. Niliumia. Niliitukana baridi, nikaitukana Nairobi, nikamtukana mume wangu aliyekuwa kazini hana habari.

Alinikanda siku hiyo, akanikanda na kesho yake. Siku ya tatu, akiwa amefika juu ya goti, kitu kiliniingia kifuani.

Siwezi kusema kilikuwa kisu kwa sababu sijawahi kuchomwa kisu. Nitasema tu kwamba nilivuta pumzi na pumzi haikuja. Nikavuta tena. Hewa ilikuwa ikiingia mdomoni, naisikia kabisa, ila ikifika ndani haifanyi kazi. Moyo ulikimbia. Nilitaka kumwambia mavyaa aache, na sauti haikutoka. Yeye aliinua kichwa kwa sababu nimenyamaza. Aliniangalia usoni, akauona mkono wangu kifuani, na nikamwona akielewa. Alikuwa amewahi kusimuliwa picha hii.

Aliita jina la jirani. Hakuwa amewahi kulitamka hata siku moja.

Jirani aliingia, akatupa jicho moja, akatoka mbio. Mdogo wake alikuwa akiendesha gari la mkate, na bahati yetu alikuwa amesimama dukani pale karibu na holi akishusha kreti. Walinibeba kwenye godoro langu, yeye, mdogo wake na muuza makaa, yule niliyekuwa nikimtukana kila asubuhi, na wakaniingiza nyuma ya gari baina ya mikate. Mtoto wangu alibaki mikononi mwa jirani. Nilisikia akilia, kisha nikasikia ameacha ghafla, nikajua amewekwa kwenye titi. Mavyaa alipanda nami, akaketi juu ya kreti.

"Auntie, jikaze, tunafika sa'hii," yule kijana akasema, na akalipeleka lile gari Barabara ya Jogoo kana kwamba limeibiwa. Harufu ya mkate wa moto ilikuwa imejaa mle ndani. Nilifikiri, kama ninakufa, angalau si ndani ya harufu ya ndoo. Mawazo ya kijinga kama hayo ndiyo yanayokuja. Lakini wazo kubwa lilikuwa moja, nalo lilinikasirisha kuliko kunitisha. Nimemsubiri mtoto huyu miaka yote hii, na sijamtembeza hata mpaka bombani.

Hospitalini waliniwekea hewa puani na maji ya mshipani yenye dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Nikapata nafuu kidogo, kisha ikaondoka. Vidole viligeuka rangi ya zambarau. Mume wangu alifika, kalamu bado iko sikioni, roho juu juu, akanishika mkono. Daktari aliyetusemesha alikuwa kijana, hajamaliza kuota ndevu vizuri, na alikuwa na adabu ya kumwamkia mavyaa kwanza kabla ya kufungua mdomo kuhusu jambo lolote.

Alieleza hivi. Damu ya mzazi huwa nzito. Akilala sana bila kutembea, ile ya mguuni inasimama, na ikisimama inaganda. Donge likajifanya ndani ya mshipa wa mguu wangu, likang'oka, likapanda na mkondo wa damu, likapita kwenye moyo, likaenda kuziba mlango wa mapafu. Hewa naivuta, lakini damu haifiki kuichukua. Dawa ninayopewa inazuia donge jingine, ila hili lililopo hailiondoi.

"Liyeyusheni," mume wangu akasema.

Daktari akasema dawa ya kuyeyusha ipo, lakini nimezaa juzi, nikipewa nitavuja damu kizazini nife kwa upande mwingine. Kunipasua kifua, sitafika mezani. Kukabaki njia moja. Kuna mrija mwembamba, mrefu, wanaoutumia pale hospitalini kuchunguza mioyo ya watoto waliozaliwa na kasoro. Unaingizwa kwenye mshipa mkubwa wa kinena, unapandishwa ndani ya mwili wakiutazama kwenye kioo cha eksirei, unapitishwa kwenye moyo mpaka penye donge. Ukifika, unaweza kulivunjavunja lile donge na kuvuta vipande. Alikuwa ameona jambo hilo likifanywa ng'ambo alikosoma, na alisaidia kulifanya.

"Na hapa?" mavyaa akauliza.

"Hapa sijawahi, mama. Sitakudanganya."

Mume wangu alimtazama mama yake. Yeye ndiye mume na neno lilikuwa lake, lakini alimtazama mama yake. Nami nilimtazama. Mavyaa hakuwa akiangalia mtu, alikuwa akiangalia tumbo langu, kwa sababu nesi alikuwa ameshafunua shuka na kukutana na mkaja.

Ulikuwa umefungwa siku hiyo asubuhi, raundi juu ya raundi, umeshuka mpaka umefunika kinena, na ile ncha ya mwisho mavyaa alikuwa ameishona kwa uzi wa mkono ili nisije nikaufungua akiwa jikoni. Walihitaji kinena cha kulia, kule kusiko na donge. Nesi alijaribu kunigeuza aukunjue. Nilipogeuzwa nikazimika. Niliporudi, niliwaona wamenizunguka, na nesi ameshika mkasi.

"Tukimgeuza tena hatuna hakika atarudi," nesi akasema. "Mama, itabidi tuukate."

Sasa nataka uelewe tulikuwa tunamwambia nini mwanamke yule. Binti yake alifungua mkaja huu akafa. Alilala na jambo hilo na kuamka nalo miaka yote. Alisafiri usiku kucha na kitambaa hicho mwilini, akanifunga, akanishonea, akaniletea ndoo, yote hayo ili siku hii isifike. Na siku ikafika, na mtoto wa watu mwenye koti jeupe anamwambia auache ufunguliwe, kwa kazi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuifanya. Angesema hapana, mume wangu asingesema ndiyo. Nilimjua mume wangu.

Mimi nilikuwa siwezi kusema. Maisha yangu yote nimesema mpaka watu wakachoka, na dakika ile moja niliyohitaji neno moja sikuwa nalo. Nilichoweza ni kumtazama. Nilimtazama kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Mama, nataka kwenda nyumbani kwa mtoto wangu.

Mavyaa alinyoosha mkono. "Lete huo mkasi," akasema.

Nesi akampa. Mavyaa akasema bismillahi, akapitisha ubapa wa mkasi chini ya kitambaa, juu kabisa, karibu na kifua, akakata. Marekani ile ilikuwa nzito na mkasi ulikuwa wa bandeji. Alikata kwa mikono miwili, taya amezikaza, machozi yanamshuka na hayapanguzi, mpaka chini. Tumbo langu likafunguka. Alikusanya vipande, akavikumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamgusa daktari begani.

"Nenda naye," akamwambia. "Umrudishe."

Chumba walichoniingiza kilikuwa baridi kuliko hiyo baridi ya Nairobi tuliyokuwa tukiisingizia. Watu walivaa maaproni mazito kama ya wachinjaji. Hawakunilaza usingizi, walinichoma ganzi kinenani tu, na daktari akanionya nisijitikise wala nisikohoe. Juu yangu pembeni kulikuwa na kioo kama televisheni, na ndani yake nikaona mbavu zangu mwenyewe, na baada ya muda nikaona uzi mweusi ukipanda.

Ule uzi ulikuwa ndani yangu. Sikuusikia mpaka ulipofika kwenye moyo. Hapo moyo ulistuka, ukaruka mapigo, ukapiga mawili pamoja, na mtu mmoja akataja kitu kwa Kiingereza haraka haraka. Daktari aliusimamisha mrija. Sauti yake ikawa ya chini kabisa. "Mama, unaendelea vizuri. Mimi pia naendelea vizuri." Ningeweza, ningecheka. Kisha uzi ukasonga, moyo ukatulia, ukazoea.

Akamwaga dawa ya rangi, nikahisi joto limenipanda mpaka kooni, na kwenye kioo mshipa wangu ukaonekana, mnene, ukienda vizuri, kisha umekatika. Baada ya hapo hakuna kitu, upande mzima mweupe. Ndipo nilipomwona adui yangu alipo. Nilipandwa na hasira. Hasira ya kweli, ile ya muuza makaa. Nikasema moyoni, wewe, wewe donge la damu yangu mwenyewe, ndiwe unitenge na mwanangu?

Daktari alikuwa akizungusha mrija kwa vidole, anauingiza kidogo, anauzungusha, anauvuta. Alivuta kwa bomba la sindano, akalitazama, hakuna kitu. Akarudia. Jasho lilimtoka mle kwenye baridi na nesi akamfuta. Akarudia tena, akavuta, na mara hii bomba likaja na kitu cheusi, kama kipande cha maini, akakimwaga kwenye bakuli la chuma. Akazungusha tena. Kikaja kingine, na kingine kidogo.

Kisha nikavuta pumzi, ikafika.

Sijui nitakuelezaje. Ilifika. Ilishuka mpaka chini kabisa ya mbavu ikafanya kazi yake, na dunia ikarudi na rangi zake. Nikavuta nyingine kwa uroho. Daktari alimwaga ile dawa ya rangi mara nyingine, na kwenye kioo, pale palipokuwa peupe, nikaona matawi yanajaa, moja, jingine, mpaka nchani. Mmoja wa wale wenye maaproni alicheka kidogo kwa pua.

"Mama, unajisikiaje?" daktari akauliza.

"Matiti yananiuma," nikasema. "Nileteeni mtoto wangu."

Wakaangua kicheko wote na maaproni yao. Nje ya mlango mume wangu alisikia sauti yangu ikilalamika, akaketi sakafuni akaanza kulia. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alisema hakuna wimbo uliowahi kumpendeza hivyo.

Wodini, siku iliyofuata, daktari alikuja kuniangalia, na mavyaa alikuwa kitini na lile furushi la mkaja mapajani. Alikuwa hajaliweka chini. Alimwambia daktari habari za binti yake, tangu kujifungua mpaka mtungini, bila kupunguza. Kisha akauliza alichotaka kuuliza.

"Alikufa kwa kusimama?"

Yule kijana alivuta kiti akaketi mbele yake. Akamwambia hakuwepo na hawezi kuapa. Lakini mguu ulikuwa ukimuuma kabla. Donge lilikuwa limeshajifanya kabla hajainuka, akiwa amelala. Kusimama kulilikuta lipo.

Mavyaa alilaza viganja viwili juu ya lile furushi. "Kwa hiyo hakunikaidi akafa," akasema. "Alikuwa mgonjwa, nami sikujua."

"Ndiyo, mama. Na hakuna aliyekuwa amekuambia."

Alifunika uso kwa ncha ya kanga. Nilinyoosha mkono nikamshika goti, nikamwachia nafasi ya kulia. Miaka yote hiyo alikuwa amemkasirikia maiti. Nilimwona hasira ile ikimtoka, na ilimtoka kwa uchungu, lakini ilimtoka. Alipofunua uso alikuwa ameshakuwa mtu mwenye kazi ya kufanya. Akamuuliza daktari, "Sasa huyu tumfanye nini?"

Daktari akasema nimeze vidonge bila kuruka, nisikandwe ule mguu kabisa, ufungwe kwa kitambaa kuanzia vidoleni kwenda juu, na nitembee. Kila siku, nitembee.

Mavyaa aliyarudia maneno yale ili asikosee. Kisha akafungua lile furushi, akachagua kipande kirefu, na akaniambia nilete mguu.

Ndivyo nilivyorudi Kaloleni, mkaja umehama kutoka tumboni umekuja mguuni. Niliporejea kliniki daktari aliufungua, akatazama jinsi raundi zilivyopangwa, akaufunga upya vilevile. Jirani alinikabidhi binti yangu amenona. Alikuwa amemnyonyesha pamoja na wa kwake, mmoja kila titi, na mavyaa alimwambia kwamba kwetu maziwa ni udugu, kwa hiyo ajue sasa amekuwa mtu wa nyumba hii na asibishe hodi tena. Jirani akasema hata kabla hakuwa akibisha. Muuza makaa alileta gunia, mapande mazuri juu mpaka chini. Nilimwaga lote kuhakikisha.

Na tukatembea. Kila asubuhi mavyaa alinishika mkono, tukatoka, tukauzunguka uwanja mbele ya holi, yeye na buibui lake, mimi na mguu wangu uliofungwa kama wa mchezaji mpira. Kina mama wa pwani waliokuwa wakiishi mitaa ya jirani walipata habari. Ilikuwa aibu kubwa. Mzazi hajatoka arobaini anazungushwa uwanjani, tena na mavyaa wake mwenyewe, mwanamke wa ukoo unaojulikana. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa holi walituzoea wakawa wanatuamkia, "Niaje, wazee wa mazoezi." Mavyaa aliwajibu "Aleikum salam," na tukaendelea.

Arobaini ilipotimia tuliifanya. Mume wangu alinunua mbuzi, pilau ikapikwa uani, wanawake wakaja na kanga zao mpya, na wale wa kiunoni wote walikuwepo, sikumwacha hata mmoja bila mwaliko. Desturi ni mzazi atolewe ndani kwa kushikwa na mwanamke mkubwa wa nyumba, taratibu, amefunikwa, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza anakanyaga nje. Mavyaa alinishika mkono mlangoni. Nilikuwa nimembeba binti yangu.

Mmoja wa wale kina mama, mkubwa wao, alikuwa ameshindwa kuvumilia. "Bibi," akamwambia mavyaa mbele za watu, "unamtoa nini, na wewe umeshamtembeza Kaloleni nzima? Kwenu mzazi halazwi?"

Mimi nilikuwa na jibu tayari, tena bichi, na mavyaa alilijua. Akanibana vidole ninyamaze.

"Wa kwanza nilimlaza," akasema. "Huyu anatembea."

Akaniachia mkono. Nilishuka kizingiti, nikapita katikati yao na mwanangu kifuani, wakanipisha. Nilivuka uwanja. Nyuma yangu jirani alipiga kigelegele, cha kwao na si cha kwetu, na wengine wakakidaka. Sikugeuka. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa holi, nikamgeuza binti yangu aione nyumba yetu kwa mbali, na bibi yake amesimama mlangoni, kisha nikamrudisha kwa miguu yangu.